Bwana Mkubwa Ameketi Juu ya Pamba ya Mama

Busia, Uganda
Septemba 1957

Mpendwa Mama Dorka,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba uniwahi kwa shauri, maana nyumba yangu inaungua na kila anayekuja kuzima ananimwagia maji mimi badala ya moto. Naitwa Alaso, kwetu ni Kwapa, nimeolewa kwa pete kanisani na Wandera, Msamia wa hapa hapa Busia, nyapara wa barabara, na tumejaliwa watoto, mkubwa wao ni binti anaitwa Nafula. Sikuandikii habari za mume mlevi wala mume wa wanawake, hizo nimezisoma nyingi katika ukurasa wako. Nakuandikia habari ya motokaa, na usicheke mama, maana mimi mwenyewe sicheki.

Motokaa yenyewe ni Ford ya zamani, ya miaka ile mimi nilikuwa bado natambaa, ya magurudumu yenye njiti kama ya baiskeli na taa mbili zimetoka mbele kama macho ya chura, nayo tuliikuta nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa kule Mulanda, imezama katika majani, kuku wanataga ndani yake, na Mhindi mwenye kiwanda alipokuwa anahama alimwambia mume wangu mbele ya watu, "Wandera, toa hii takataka hapa, peleka kwako." Ndugu yangu Ojulong, ambaye alikuwa fundi wa malori ya jeshi wakati wa vita, alileta ng'ombe wake wa kulimia kutoka Kwapa, wakaivuta njia nzima mpaka uani kwetu, na jirani yetu Oboth akasimama mlangoni kwake akicheka, akasema, "Watu wengine wanazika, nyinyi mnafukua."

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zikawa za motokaa, na nataka uelewe Mama Dorka kwamba hatukutaka kuiuza wala kubeba abiria, tulitaka tu kuiona inasimama tena, na mume wangu ambaye zamani Jumamosi zake zilikuwa za ajon, pombe ile ya kunywa kwa mrija, akawa anashinda uani na watoto wake, mikono imejaa grisi, anaimba. Ojulong alishughulika na injini, Nafula na wadogo zake walikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, mimi nilishona turubai la juu kwa cherehani yangu na nikashona ngozi za viti, na mume wangu alizunguka kwa Wahindi wa Tororo na Jinja kutafuta vipande ambavyo hata wenye maduka walikuwa wamesahau majina yake.

Na mama mkwe wangu. Mama huyu ni mjane, amezeeka, anaishi nasi, na kwa siku nyingi hakusema neno juu ya motokaa, alikuwa anatutazama tu, mpaka siku tulipobishana ndani ya viti tuweke nini, mume wangu anataka manyasi, mimi nataka matambara, mama akaingia chumbani mwake akatoka na pamba ya shamba lake mwenyewe, pamba safi ya daraja la kwanza, akaketi chini akaichambua kwa vidole mpaka ikawa kama povu, akasema, "Jaza hii. Mimi nitakaa hapo mbele, sitaki kuchomwa na manyasi." Baadaye akajipa kazi ya taa. Alikuwa anazisugua kwa majivu na ndimu mpaka unaona meno yako ndani yake, na mtoto akizigusa na vidole vichafu anafukuzwa.

Siku injini ilipokubali tulilia wote, hata Ojulong aliyeona vita. Tukaenda mpaka Malaba na kurudi, mama amekaa mbele, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili, na Oboth akaacha kucheka akaomba lifti.

Sasa ndipo balaa. Siku moja tulikuwa Tororo tunatia petroli, mkubwa wa kazi wa mume wangu, Mzungu ambaye jina lake nalificha, akaiona motokaa, akaizunguka, akaipapasa kama mtu anayenunua farasi, na mume wangu amesimama wima mikono kwenye mapaja. Mimi na watoto tulikuwa ndani tunangoja, hakuna aliyetusalimu. Wiki zikapita, mume wangu akatuambia, "Kutakuwa na maonyesho ya kilimo Tororo, kuna gwaride la motokaa za zamani, na yetu itakuwamo. Mimi natangulia nayo, nyinyi mje kwa basi. Vaeni vizuri." Hakusema lingine lolote. Mama akatoa busuti, gauni lake la harusi za wajukuu, akaniomba nimpigie pasi, na njiani ndani ya basi alikuwa anawaambia watu wasiomjua kwamba leo atazungushwa uwanjani.

Tulipofika tukaikuta motokaa imepangwa mstarini ndani ya kamba, inang'aa, na mume wangu kando yake amevaa kofia ya dereva na glavu nyeupe ambazo sijawahi kuziona. Mama hakungoja. Aliinama akapita chini ya kamba huku anatabasamu, anakwenda kwenye mlango wa mbele, na askari akamzuia kwa fimbo. Mzungu akageuka, akamwuliza mume wangu kwa Kiswahili chao, "Nyapara, hii bibi ni nani?"

Mama Dorka, nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu, Nafula alisikia, na mama mwenyewe alisikia. Mume wangu akatazama chini akasema, "Sijui, bwana. Ni bibi wa hapa hapa tu, anapenda kuona motokaa."

Askari akamshika mama kiwiko akamrudisha nyuma ya kamba. Watu wakacheka, si wengi, lakini walicheka. Na mama alipofika kwetu unajua alisema nini? Alisema, "Hajaniona vizuri. Jua kali."

Kisha yule mwenye kipaza sauti akatangaza kwa Kiingereza na mwingine akatafsiri, kwamba hii ni motokaa ya Bwana fulani, ambayo aliikuta imekufa msituni, naye kwa mikono yake na kwa subira akaifufua. Kwa mikono yake! Mzungu akashika usukani, wanawake wawili wa Kizungu wakaketi juu ya pamba ya mama, na mume wangu akasimama kwenye ubao wa pembeni ameshika turubai nililoshona mimi, kama turniboi wa lori. Wakazunguka uwanja, wakapigiwa makofi, Mzungu akapewa kikombe cha fedha. Na sisi wenye motokaa tukarudi Busia kwa basi, tumesimama, na mama ameikunja busuti pembeni isikanyagwe.

Jioni mume wangu alirudi na motokaa, nikamngoja mpaka akakaa kula, nikamwambia mbele ya watoto, "Wewe si mume, wewe ni mbwa wa Mzungu. Mbwa hata mama yake hamjui." Hakunipiga, ukweli lazima niuseme, hajawahi kunipiga. Alisukuma sahani, akasema, "Alaso, wewe hujui kazi. Bwana ameahidi kunifanya nyapara mkuu. Hayo yote ni ya watoto hawa." Nikamwuliza kama ukuu huo unaanza kwa kumkana mama, akatoka nje.

Siku chache baadaye ndipo akaniambia lililobaki, kwamba Mzungu anataka kuipeleka motokaa Nairobi, huko kuna wenzake wanaopenda motokaa za zamani, nayo itakaa kwake "kwa muda". Nikamwuliza muda gani. Hakujua. Nikamwuliza nani amekubali. Akaanza kufuta vumbi viatu vyake. Basi nikaenda uani, nikafungua boneti kama ndugu yangu alivyonifundisha, nikatoa rota, kale kadude kadogo keusi kanakozunguka chini ya kifuniko cha nyaya, ambako bila hako moto haufiki kwenye plagi, nikaifunga katika pindo la nguo yangu kiunoni, nikamwonyesha. Sikuiba, nilimwonyesha. Nikasema, "Haya, iende Nairobi kwa miguu."

Mzungu alikuja mwenyewe, akavua koti, akaizungusha hendeli mpaka uso ukawa kama nyanya, motokaa haikukohoa hata mara moja, na mume wangu akamwambia ni ugonjwa wa uzee. Akaondoka amekasirika, amesema akirudi mwisho wa mwezi aikute imepona. Tangu hapo mume wangu ananiambia, "Rudisha rota ama rudi kwenu." Shemeji zangu wamekuja wakasema mwanamke gani anafunga injini ya mume kiunoni. Baba yangu, Mzee Ikiring, ametuma neno kutoka Kwapa kwamba hakunilea nigombane na serikali, nirudishe. Ni Ojulong peke yake anasema, "Dada, kaza."

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini juzi mama mkwe wangu, ambaye nagombana kwa ajili yake, alikuja jikoni akafunga mlango, akasema, "Mwana wange, mpe kile kitu. Watamfukuza kazi mtoto wangu. Mimi nimesamehe, nimesahau." Halafu akaanza kupiga magoti. Mama mkwe, kunipigia magoti mimi! Nikamshika mabega kabla hajafika chini, tukalia wote wawili.

Sasa nifanye nini? Nikirudisha, motokaa imekwenda, na mume wangu amejifunza kwamba mama anaweza kukanwa na watu wakala chakula kesho yake. Nisiporudisha, nafukuzwa, na mama ananiona mimi ndiye namwangamiza mwanawe. Niambie, mimi ndiye mbaya? Maana kila mtu hapa ananitazama kama mimi ndiye niliyesema "sijui".

Ni mimi mwenye uchungu,
Alaso wa Wandera

*

MAMA DORKA ANAJIBU

Alaso binti yangu, barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, nikaimaliza nikiwa nimesimama. Mhariri ameniomba nisiandike ninayofikiri juu ya Bwana yule wa kikombe. Nimemtii, isipokuwa kwa hili moja: mtu anayepokea makofi kwa kazi ya mikono ya wengine, rangi yake iwe yoyote na cheo chake kiwe chochote, sisi tulikozaliwa tunalo jina lake, na wasomaji wangu wanalijua.

Umeuliza kama wewe ndiye mbaya. Hapana. Ulikasirika pale ambapo mtu mwenye damu angekasirika, na kama usingekasirika ningekukaripia zaidi. Lakini usifurahi bado, maana nina ya kukuambia wewe pia.

Ulimwita mume wako mbwa mbele ya watoto wake. Je, Nafula aliyemwona baba yake akimkana bibi yake mchana, alihitaji kusikia na mama yake akimvua baba yake utu jioni? Kwa siku moja tu binti huyo alipoteza wazee wawili, bibi yake na baba yake. Neno hilo utaliondoa mwenyewe, na utaliondoa mbele ya watoto hao hao uliolisema mbele yao. Hasira yako ina haki, ulimi wako haukuwa nayo.

La pili. Umejaza kurasa kwa habari za mama mkwe wako, pamba yake, busuti yake, taa zake, lakini sijaona mahali ulipoandika, "Nilimwuliza." Tangu siku ya maonyesho mpaka alipokuja jikoni kutaka kupiga magoti, wewe unapigana vita vyake na hujaketi naye hata mara moja ukamwuliza anataka nini. Amekuja kukuomba ukubali kwa sababu anaogopa, na anaogopa kwa sababu ninyi wawili, wewe na mwanawe, mmemwacha peke yake katikati, mmoja anamficha na mwingine anambeba kama bendera.

Hata hivyo usimtii katika ombi hilo. Sikiliza vizuri, maana hapa shemeji zako watasema Mama Dorka anafundisha wanawake utovu wa adabu. Mzazi akiomba adharauliwe ili watoto wake wale, mtoto mwema hamtii. Anamsikiliza, anamfuta machozi, anamshukuru, halafu anakataa. Mama huyo anasema amesahau. Mwanamke aliyekunja busuti yake ndani ya basi isikanyagwe hajasahau kitu.

Na wewe Wandera. Najua nyapara husoma magazeti, na kama husomi, Oboth atakusomea. Nakuhurumia, nasema kweli. Najua jinsi mtu mzima anavyosimama mikono kwenye mapaja mbele ya mkubwa wake, najua jinsi jibu la uongo linavyotoka lenyewe kabla moyo haujaamka. Ungekuja nyumbani jioni ile ukasema, "Mama, niliogopa," mambo yangekwisha na barua hii isingeandikwa. Badala yake ulikuja na habari za cheo. Uoga wa dakika moja watu wanausamehe. Wewe umeufanya uwe mpango wa maisha, na sasa unataka kumfukuza mke kwa sababu yeye hakuogopa. Unasema hayo yote ni ya watoto. Watoto gani? Wale wenye vidole vilivyochubuka kwa kutu, waliosikia kwenye kipaza sauti kwamba kazi yao ni ya mtu mwingine, na baba yao amesimama kwenye ubao hasemi kitu?

Sasa fanyeni hivi.

Alaso, rota usimpe mume wako kwa vitisho, na usiibebe tena kiunoni kama risasi. Mpe ndugu yako Ojulong aitunze. Yeye ndiye fundi, na hakuna atakayeshangaa fundi akishika kipande cha injini. Kwa baba yako tuma neno la heshima: hugombani na serikali, hujapata kuiona serikali uani kwako, umemwona mtu mmoja anayetaka motokaa isiyo yake.

Kisha leo, kabla jua halijazama, nenda ukaketi na mama mkwe wako, mlango wazi, umwulize kwa upole anataka nini kutoka kwa mwanawe. Si motokaa. Kutoka kwa mwanawe. Halafu unyamaze mpaka ajibu, hata kama atachukua muda mrefu kuliko uji kuiva.

Wandera, ukiitwa, uje. Uje bila ndugu zako, uketi chini kuliko mama yako, na useme ulichofanya kwa jina lake halisi. Usiseme "kama nilikukosea." Sema, "Niliulizwa wewe ni nani, nikasema sikujui." Sentensi hiyo ni chungu, nayo hakuna mtu anayeweza kuimeza badala yako. Na akikusamehe usikimbilie kuzungumza habari ya kazi.

Baada ya hapo ndipo uende kwa mkubwa wako. Nenda ofisini, mchana, mkiwa wawili na mzee wa kanisa au mtu yeyote aliyesikia Mhindi akikupa motokaa, vua kofia kwa adabu, uvae maneno yako. "Bwana, motokaa ni ya familia yangu, na mama yangu amekataa isafiri." Hakuna uongo hapo, na hakuna tusi. Akisema kuwa atakunyima ukuu, ulikuwa huna ukuu huo jana, utaishi bila huo kesho. Akisema atakufukuza, mjibu kwamba umesikia, urudi nyumbani. Mvua za vuli ziko njiani, madaraja ya wilaya yenu ya Bukedi yatahitaji mtu anayejua yalipo, na mtu aliyetembea Jinja nzima kutafuta vipande vilivyosahaulika hakosi kazi kwenye kiwanda cha saruji cha Tororo wala kwenye gereji ya mtu mwenye akili. Sikuahidi kwamba hutapata hasara. Nakuambia tu kwamba hasara ya kazi mke wako, mama yako na shemeji yako wataibeba pamoja nawe. Ile nyingine, ya kumkana mama, unaibeba peke yako.

Kikombe cha fedha mwachieni anywee chai.

Mkishamaliza hayo yote, na si kabla, Ojulong airudishe rota mahali pake, Wandera afungue mlango wa mbele mwenyewe, bila glavu, amsaidie mama kupanda. Mpite sokoni Busia wakati watu wamejaa, mwende taratibu. Mtu yeyote akiuliza huyo bibi ni nani, Alaso, wewe usijibu. Nafula asijibu. Mwachieni Wandera.

Nawe binti yangu, usikubali kufungasha nguo zako. Ndoa yako imepasuka, haijavunjika, na mtu aliyeshona turubai anajua tofauti. Ukiniandikia tena nitaisoma barua yako kwa furaha, hata ikiwa ya kunigombeza kwa ukali wangu. Barua nitakayoirudisha bila kuifungua ni moja tu: ile yenye muhuri wa kwenu Kwapa.

Mama Dorka